Ana kisukari, lakini dakika hii anahitaji sukari

Zilikuwa zimebaki wiki mbili mahafali yafanyike katika chekechea moja ya Tabata, Dar es Salaam. Tangu saa 2:30 asubuhi watoto walikuwa uwanjani wakifanya mazoezi ya ngoma na maigizo. Chai, ambayo kila siku hunywewa saa 4:00, siku hiyo ilisogezwa mbele mpaka mazoezi yaishe.

Saa 4:15 mtoto wa kike wa miaka minne alitoka kwenye mstari, akaenda kukaa chini ya mwembe. Mwalimu alimwita mara mbili, hakuitika. Alipomfuata alimkuta anatokwa na jasho ingawa alikuwa kivulini, macho yanatazama mbali, na aliposhikwa mkono akaanza kulia bila kusema kinachomliza. Mwalimu akaona labda amegombana na mwenzake, au usiku hakulala vizuri. Akampeleka darasani, akamlaza kwenye mkeka, akarudi uwanjani.

Aliyeshtuka ni mpishi wa shule. Alikuwa anapita mlangoni na ndoo ya uji, akaona midomo ya mtoto inatetemeka. Akachota uji wa moto wenye sukari, akaanza kuupooza. Mwalimu alipomwona akamzuia.

“Dada, huyo ana kisukari. Mama yake alisema asipewe kitu chochote kitamu.”

Na kweli mama alisema hivyo. Siku ya kumwandikisha mtoto alimwambia mwalimu maneno mawili matatu pale getini: mwanangu ana kisukari, anachoma sindano nyumbani, naomba msimpe soda wala pipi. Mwalimu akaitikia, mama akawahi daladala. Tangu siku ile hakuna aliyeligusa tena jambo hilo.

Bahati ni kwamba mwalimu alipiga simu. Mama alikuwa dukani kwake Kariakoo, na wateja waliokuwapo walimsikia akipaza sauti: “Mpe sukari, mwalimu! Ikoroge kwenye maji, umpe sasa hivi!” Mwalimu alikoroga huku mkono unasita, maana alikuwa anaambiwa afanye kilekile alichokatazwa. Robo saa baadaye mtoto alikuwa ameketi, anauliza viatu vyake viko wapi.

Mama huyo hakumlaumu mwalimu, na hakuwa na sababu ya kumlaumu. Mwalimu alifuata maelekezo neno kwa neno. Kasoro ni kwamba alipewa nusu ya maelekezo, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa inahusu uhai wa mtoto.

Insulini haisubiri chai

Kisukari kinachowapata watoto wengi wadogo ni kile cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili wa mtoto hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka zikashindwa kufanya kazi. Hakiletwi na pipi alizokula wala na mama kupenda chai yenye sukari nyingi alipokuwa mjamzito, ingawa mama wengi wameambiwa hivyo na majirani, na wengine na mawifi zao. Mtoto huyu hawezi kuishi bila insulini ya kuchomwa, kila siku, zaidi ya mara moja.

Insulini kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli ili itumike. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini chakula kinapochelewa. Ile ya sindano haina breki hiyo. Ikishaingia mwilini inaendelea na kazi, mtoto awe amekula au hajala, awe amekaa au anakimbia. Sukari ikitolewa kwenye damu bila nyingine kuingia, inashuka. Na ubongo, ambao kwa kawaida hutegemea sukari hiyo kila dakika, ndio unaoanza kulalamika.

Sasa angalia asubuhi ya mtoto wa mjini. Gari la shule linapita saa 12:30, kwa hiyo sindano inachomwa saa 12:00 au kabla. Watoto wengi hapa nchini hutumia insulini ya mchanganyiko, yenye sehemu inayofanya kazi haraka na sehemu inayofanya kazi taratibu. Ile ya haraka hufikia kilele saa mbili hadi nne baada ya kuchomwa. Ya taratibu huanza kushika nguvu muda huohuo ile ya kwanza inapoelekea kuisha. Ukihesabu kwenye saa ya ukutani, insulini inakuwa kali kuanzia saa 2:00 asubuhi na kuendelea, na kufikia saa 4:00 zote mbili zinasukuma pamoja.

Ndiyo maana chai ya saa 4:00, ambayo kwa watoto wengine ni kitafunwa tu, kwa mtoto huyu ni sehemu ya tiba. Ikichelewa nusu saa, tena siku ya mazoezi ambapo misuli nayo inakula sukari, mambo yanaweza kuharibika haraka. Shule ikipanga michezo, safari ya kwenda kuona wanyama au mazoezi ya mahafali, mwalimu anatakiwa kujiuliza kitu kimoja: huyu atakula saa ngapi?

Si utundu wala usingizi

Mtu mzima sukari ikimshuka atasema mwenyewe kwamba anasikia njaa kali, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Mtoto wa miaka mitatu au minne hana maneno hayo. Yeye anaonyesha kwa mwili na kwa tabia, na tabia hizo zinafanana mno na mambo ya kawaida ya chekechea: kulia bila sababu, kununa, kumpiga mwenzake, kukataa kucheza, kuzubaa, kusinzia wakati wenzake wanaimba. Mwalimu mwenye watoto 40 darasani hawezi kulaumiwa akidhani ni deko.

Kuna dalili nyingine zinazosaidia kutofautisha. Jasho la baridi shingoni na kwenye paji la uso. Midomo au uso kupauka. Vidole kutetemeka anaposhika krayoni. Kujikwaa au kuyumba kama aliyelewa. Kuangalia kitu kimoja bila kupepesa. Wapo watoto ambao dalili yao ya kwanza ni kucheka ovyo, na wapo wanaonyamaza tu.

Kila mtoto ana namna yake, na anayeijua ni mzazi. Hii ndiyo taarifa ambayo hakuna daktari anayeweza kumwandikia mwalimu. Yule mtoto wa Tabata, kwa mfano, nyumbani huwa anasema “miguu yangu imelala” sukari yake ikianza kushuka. Siku ile ya mazoezi aliyasema maneno hayo kwa mwenzake aliyesimama naye kwenye mstari. Mwenzake akamwambia aende akakae. Watoto walielewana vizuri kabisa. Watu wazima ndio walikuwa hawajaambiwa.

Kwa hiyo mzazi akienda kuzungumza na mwalimu, aende na dalili mbili tatu za mtoto wake mwenyewe, kwa maneno ambayo mtoto huyatumia. Na mtoto naye afundishwe sentensi moja fupi ya kumwambia mwalimu, hata kama ni “nasikia sukari”. Watoto wa miaka minne wanaweza kujifunza hilo, ingawa si la kutegemea peke yake, kwa sababu sukari ikishuka sana hata sentensi hiyo inapotea.

Mwalimu afanye nini?

Kama shule ina kipimo cha sukari cha mtoto na kuna mtu aliyefundishwa kukitumia, apime. Vipimo vingi vinavyouzwa nchini husoma kwa milimo, ambapo namba ikiwa chini ya 4 sukari imeshuka na mtoto anahitaji kutibiwa. Vichache husoma kwa miligramu, na huko kiwango hicho ni 70. Mzazi aandike namba ya kipimo chake mwenyewe kwenye karatasi ya mwalimu ili pasiwe na kubahatisha. Kabla ya kumtoboa mtoto kidole aoshwe mikono kwa maji, akaushwe. Kidole chenye utomvu wa embe au mabaki ya juisi kitatoa namba kubwa ya uongo, na mwalimu atadhani mtoto yuko salama.

Kama hakuna kipimo, stripu zimeisha, au kukitafuta kutachukua muda, mwalimu asisubiri. Dalili zinatosha, ampe sukari. Akikosea, sukari itapanda kidogo na mzazi atalishughulikia jioni. Ikiwa imeshuka kweli na hakupewa, hakuna jioni ya kusubiri.

Apewe kiasi gani? Kanuni inayotumiwa na madaktari wa watoto ni takriban gramu 0.3 za glukosi kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 16 anahitaji kama gramu 5. Kijiko cha chai cha sukari, kikisawazishwa juu, kina kama gramu 4. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa chekechea, kijiko kimoja na nusu hadi viwili vilivyokorogwa kwenye robo kikombe cha maji ni mwanzo mzuri. Glukosi ya unga inayouzwa madukani na kwenye famasi hufanya kazi hiyohiyo. Soda ya kawaida ina kama gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hivyo mililita 50 hadi 80 zinatosha, na chupa nzima haihitajiki. Asali nayo inafaa kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Daktari wa mtoto ndiye athibitishe kiasi kamili, kiandikwe kwenye karatasi.

Yapo mambo ambayo watu hukosea kwa nia njema kabisa. Soda zisizo na sukari, zile zilizoandikwa “zero” au “diet”, hazisaidii lolote hapa. Chokoleti na maziwa vina mafuta yanayochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Andazi, chapati na uji mzito pia ni vya baadaye, ingawa yule mpishi wa Tabata alikuwa karibu na ukweli kuliko mtu mwingine yeyote pale shuleni. Pipi ngumu ni hatari kwa mtoto mdogo aliyelegea, inaweza kumkaba.

Akishakunywa, akae. Mwalimu au msaidizi akae naye, asiachwe peke yake hata kidogo. Asiambiwe “nenda ofisini kwa matroni”, wala asisindikizwe na mtoto mwenzake. Baada ya dakika 10 hadi 15 apimwe tena, au aangaliwe kama rangi imerudi na anazungumza vizuri. Kama bado, apewe kiasi kilekile mara ya pili. Hapa ndipo watu wengi hupoteza subira. Mtoto anakuwa na njaa kali, anaomba tena na tena, na mtu mzima mwenye huruma anamaliza chupa ya soda, kisha mchana kipimo kinasoma 20. Hilo halitamuua, lakini litamchosha, na mzazi atabaki hajui kipimo hicho kimetokana na nini.

Sukari ikisharudi juu ya 4 na chakula kingine kikiwa mbali, apewe kitu cha kumshikilia: nusu ndizi mbivu, biskuti mbili, kipande cha mkate au kikombe cha uji. Kisha mzazi apigiwe simu siku hiyohiyo. Taarifa hiyo inampa nafasi ya kuwa mwangalifu usiku, kwa kuwa mtoto aliyeshukiwa na sukari mchana, hasa baada ya kucheza sana, anaweza kushukiwa tena akiwa amelala.

Kopo lenye jina lake

Walimu wengi huogopa jambo hili kwa sababu wanadhani wanaombwa kuwa wauguzi. Ni kweli kwamba kuchoma sindano hakuwahusu wasiofundishwa, na mtoto ambaye sukari yake imeshuka hachomwi insulini wakati huo. Wanachoombwa ni kukoroga sukari kwenye maji. Kila mwalimu wa chekechea ameshakoroga uji.

Kinachorahisisha kazi ni kopo. Kopo la plastiki lenye mfuniko, limeandikwa jina la mtoto kwa herufi kubwa, na ndani yake kuna pakiti ndogo tatu za sukari au glukosi zilizopimwa tayari nyumbani, kila moja kwa dozi moja. Kuna chupa ndogo ya maji, kikombe, kijiko, paketi ya biskuti, na karatasi moja iliyowekwa kwenye nailoni isilowe. Kama kipimo kipo, nacho kikae humo na stripu zake. Kopo hili halihitaji pesa nyingi, na mzazi ndiye mwenye wajibu wa kulijaza. Kila Jumatatu alikague, maana biskuti za kwenye kopo la chekechea zina tabia ya kupungua bila mtu kushukiwa na sukari.

Liwekwe juu, mahali ambapo watoto hawafiki lakini mtu mzima analifikia kwa kunyoosha mkono. Lisifungiwe kabatini kwa mkuu wa shule, ambaye siku ya tukio atakuwa amekwenda semina na funguo mfukoni. Mtoto akienda uwanjani au safari, kopo nalo linakwenda.

Karatasi yenyewe iwe upande mmoja tu, iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka hata na mtu mwenye haraka. Picha ya mtoto, dalili zake, namba ya kipimo, afanyiwe nini kwanza na nini baadaye, simu ya mama, ya baba na ya mtu wa tatu anayepokea simu. Mstari wa juu kabisa uandikwe: mtoto huyu ana kisukari, akiwa na dalili hizi MPE SUKARI. Bila mstari huo, kila msaidizi mpya atakayeajiriwa ataanza na kosa lilelile la kumnyima.

Gari la shule husahaulika. Mtoto anayeshuka Mbagala au Kimara hukaa barabarani muda mrefu, na foleni ya Barabara ya Mandela haijali insulini ya mtu. Dada wa gari awe na pakiti moja ya sukari na chupa ya maji, na aonyeshwe kama mwalimu alivyoonyeshwa. Mtoto huyu akisinzia kwenye gari, aamshwe na asemeshwe.

Kuonyeshana ni bora kuliko kuelezana. Yule mama wa Tabata alirudi shuleni Jumamosi iliyofuata. Alikaa na mwalimu, mwalimu msaidizi na mpishi kwenye viti vile vidogo vya watoto, akamwambia kila mmoja akoroge pakiti yake na kuonja, ili wajue ladha ya kiasi kinachotakiwa. Kisha akawaomba waigize. Mpishi akawa mtoto. Walicheka sana, lakini katika kuigiza ndipo mwalimu alipouliza swali ambalo hakuwa ameliuliza siku zote: “Akikataa kunywa je?” Mama akamweleza kwamba mtoto hukataa, hufunga mdomo na kusukuma kikombe, na kwamba huo si ujeuri bali ni sukari yenyewe. Nyumbani humpakata, humpa kidogo kidogo kwa kijiko, na asali kidogo kwenye midomo huwa inafungua njia.

Akizimia

Yapo mazingira ambayo kopo halitoshi. Mtoto akipoteza fahamu, akiwa hawezi kumeza, au akianza kutikisika mwili mzima, asinyweshwe kitu. Maji ya sukari yataingia kwenye njia ya hewa. Alazwe kwa ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, asiwekewe kijiko wala kidole katikati ya meno, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo huku mtu mwingine akimpigia mzazi.

Hapa lipo jambo la kusemwa wazi. Mtikisiko unaotokana na sukari kushuka unafanana na degedege, na katika jamii nyingi, hasa za Pwani, degedege bado huhusishwa na mashetani. Wapo watakaoshauri mtoto afukizwe au apelekwe kwa mtaalamu wa mtaani kwanza. Kila dakika inayotumika huko inatoka kwenye ubongo wa mtoto. Anachohitaji ni glukosi ya kuingizwa kwenye mshipa, na hiyo ipo hospitalini. Sindano ya glukagoni, ambayo katika nchi tajiri huwekwa shuleni kwa ajili ya hali kama hii, kwetu ni adimu, kwa hiyo mipango yetu haiwezi kuitegemea.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya kutibu malaria kali kwa watoto, linaruhusu mahali pasipo na dripu kuweka kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji chini ya ulimi wa mtoto, na kurudia. Mzazi anayeishi mbali na hospitali amuulize daktari wa mtoto wake kama njia hiyo inamfaa, na kama inamfaa, yeye na mwalimu waonyeshwe namna ya kuifanya kabla haijahitajika. Haifai kusomwa tu kwenye simu na kujaribiwa.

Mzazi aifanye mapema kazi nyingine moja: atembelee zahanati au kituo cha afya kilicho karibu zaidi na shule, aulize kama wana glukosi ya kuingiza kwenye mshipa na kama kuna mhudumu wa kuiweka saa za shule. Kama hawana, mwalimu aelekezwe moja kwa moja kwenye kituo kinachofuata. Namba ya dereva wa bajaji aliye karibu iandikwe kwenye karatasi. Na anayempeleka mtoto aseme mapokezini maneno haya kabla ya yote: ana kisukari, anatumia insulini, sukari imeshuka. Bila hivyo anaweza kuwekwa kwenye foleni ya kupimwa malaria.

Malaria nayo, kwa taarifa ya wazazi wote, inaweza kushusha sukari ya mtoto ambaye hana kisukari hata kidogo, sawa na utapiamlo mkali au kuumwa bila kula. Mtoto yeyote aliyelegea ghafla ana haki ya kupimwa sukari.

Woga wa kusema

Pamoja na yote haya, wapo wazazi ambao hawaiambii shule kabisa. Sababu zao zinaeleweka. Wengine wamewahi kunyimwa nafasi: mwenye shule akisikia neno kisukari anasema darasa limejaa. Wengine wanaogopa mtoto kunyooshewa vidole, hasa wa kike, kwamba “mgonjwa huyo”. Wengine wamechoka tu kueleza kwamba si ugonjwa wa wazee na wala hauambukizi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto, na hali ya afya ni miongoni mwa mambo yaliyotajwa humo. Mzazi anayekataliwa kwa sababu hiyo anaweza kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, ofisi ambayo pia inahusika na vituo vya kulelea watoto mchana. Mara nyingi, hata hivyo, anayekataa huwa anaogopa kuliko kuwa na roho mbaya, na hofu hupungua akionyeshwa kopo na karatasi ya upande mmoja.

Kliniki inaweza kusaidia. Watoto wengi wenye kisukari aina ya kwanza nchini hupata insulini na vifaa bila malipo kupitia kliniki zilizo kwenye programu kama Changing Diabetes in Children, iliyoanza mwaka 2009. Huko kuna wauguzi waliozoea maswali ya walimu. Mzazi amwombe muuguzi barua fupi kwa shule, au ampigie mwalimu simu wakiwa pamoja siku ya kliniki. Mwalimu akisikia kwa mtu wa afya kwamba anaruhusiwa kumpa sukari mtoto mwenye kisukari, mkono wake hautasita tena.

Kinyume chake, kuficha kuna gharama ambayo mzazi haioni mpaka siku ya tukio. Mwalimu asiyejua atamlaza mtoto kwenye mkeka. Atafanya hivyo kwa upendo, hata kumfunika khanga.

Kila asubuhi kuna taarifa ndogo ya kupeana, na ujumbe mfupi wa simu unatosha: leo amekunywa uji nusu, leo amecheza sana kabla ya gari, jana usiku ilishuka. Mwalimu akiona ujumbe wa uji nusu, anajua asisubiri saa 4:00. Na sukari ikimshuka mtoto mara kwa mara, tuseme mara kadhaa ndani ya wiki, tatizo halipo tena shuleni. Dozi inahitaji kuangaliwa upya, na mzazi aende kliniki na daftari la vipimo bila kusubiri tarehe ya miadi.

Siku ya mahafali kule Tabata chai ilichelewa tena, maana mgeni rasmi alichelewa. Saa 3:50 mwalimu alimtoa mtoto kwenye mstari, akamwosha mikono, akampima. Kilisoma 5.1. Akampa ndizi nzima na biskuti moja kwa sababu ngoma ilikuwa bado, akamtumia mama ujumbe, ingawa mama alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mbele. Kopo lilikuwa chini ya meza ya mgeni rasmi.